Makocha Walewale, Pande Mbili za Mpaka

Oktoba 14, 2024, Kenya iliikaribisha Cameroon nyumbani katika mchujo wa Kombe la Mataifa ya Afrika. Nyumbani penyewe palikuwa Namboole, Kampala. Viwanja vya Kasarani na Nyayo vilikuwa kwenye ukarabati, hakukuwa na kingine nchini kilichokidhi masharti ya CAF, na Harambee Stars ikawa mpangaji kwa jirani ambaye imemenyana naye tangu enzi za ukoloni. Mwezi mmoja kabla ilikuwa imetoka sare tasa na Zimbabwe palepale. Safari hii ikalala 1-0.

Nairobi waliona aibu. Busia waliona nafuu. Kutoka Busia hadi Kampala ni kama kilomita 200, ilhali Nairobi ni zaidi ya mara mbili ya hapo. Isitoshe, Namboole iko upande wa mashariki wa Kampala, kando ya barabara ya Jinja. Anayetoka mpakani hupita Bugiri, Iganga, Jinja na Mukono, akashukia uwanjani kabla hajakutana na foleni ya jiji. Mkenya havuki na pasipoti, kitambulisho kinatosha. Kwa hiyo timu ya taifa ilipokuwa imefukuzwa kwao na ukarabati, ilikuwa imewasogelea zaidi wananchi wake wa mpakani.

Hali hiyo ndiyo inayompa mtu wa Busia na Malaba nafasi ya kipekee ya kulijibu swali ambalo mashabiki wa Kenya huulizana kila baada ya kipigo: tatizo ni kocha? Nairobi swali hilo hujibiwa kwa hasira. Mpakani linaweza kujibiwa kwa ushahidi, kwa sababu huko watu hutazama timu mbili kwa wakati mmoja, na kwa miaka kumi na mitano iliyopita makocha wa timu hizo wamekuwa wakibadilishana pande. Mtu yuleyule, na mbinu zilezile, ameonekana akifundisha ng'ambo hii na ng'ambo ile. Matokeo yake hayakufanana.

Kombe na mpaka, umri mmoja

Kabla ya Aprili 1902 Busia haikuwa mpakani. Eneo lote la magharibi mwa Kenya ya leo lilikuwa Mkoa wa Mashariki wa Uganda, hadi Waingereza walipouhamishia kwenye himaya yao ya Afrika Mashariki. Mstari wenyewe ukaja kuandikwa rasmi katika amri ya serikali ya Uingereza ya mwaka 1926. Wasamia wakajikuta nusu wako Funyula na nusu Samia-Bugwe. Waiteso wakagawanywa kati ya Amagoro na Tororo. Hakuna aliyehama, ni mstari uliohama.

Mwaka huohuo wa 1926 Kenya na Uganda zilianza kushindania Kombe la Gossage, lililotolewa na mtengenezaji sabuni Mwingereza. Kwa karibu miaka ishirini mashindano hayo yalikuwa ya timu hizo mbili tu, mpaka Tanganyika ilipojiunga 1945, na baadaye Zanzibar. Baadaye yakageuka Kombe la Chalenji, na tangu 1973 yako chini ya CECAFA. Ni mashindano ya zamani kuliko Kombe la Dunia lenyewe, na uhasama wake umewagusa watu wa mpakani kwa namna ambayo haiwasumbui wengine: mjomba yuko Uganda, shangazi yuko Kenya, na mpira unachezwa leo saa kumi.

Ndiyo maana kwenye vibanda vya kutazamia mpira vya Busia, mechi ya Kenya na Uganda huwa na mashabiki wasiojipanga kwa kitambulisho. Mwenye jezi nyekundu anaweza kuwa wa upande wowote, maana timu zote mbili huvaa nyekundu. Muuza jezi hutundika zote kwenye kamba moja na kutaja bei kwa shilingi mbili: ya Kenya kwa sauti, ya Uganda kwa vidole, kwa kuwa sifuri zake ni nyingi. Kijana akimuuliza mzee aliyeketi kando yake, "Mzee, leo wewe ni wa wapi?" anaweza kujibiwa, "Mimi ni wa atakayefunga, mwanangu."

Kwa vikombe, mzee huyo amekuwa akiegemea magharibi. Kenya imelitwaa Kombe la CECAFA mara saba: 1975, 1981, 1982, 1983, 2002, 2013 na 2017. Uganda imelitwaa mara kumi na tano. Kwenye Kombe la Mataifa ya Afrika, Kenya imeshiriki mara sita na haijawahi kuvuka makundi. Uganda ilicheza fainali mwaka 1978 huko Accra, ikafungwa na wenyeji Ghana 2-0.

Mulwa, Fabisch na wakati wa ligi

Historia ya Harambee Stars husimuliwa kama orodha ya makocha, na orodha hiyo ina majina ya kutosha kujaza basi. Lakini ukiipanga kwa mafanikio badala ya tarehe, unaona jambo moja likijirudia: kocha aliyefanikiwa alikuta kitu tayari.

Marshall Mulwa, Mkenya, alichukua CECAFA mara tatu mfululizo, 1981 hadi 1983. La pili alilichukulia Kampala kwenyewe, kwa mikwaju ya penalti dhidi ya Uganda. Mulwa alikuwa kocha hodari, hilo halina ubishi. Ila pia alikuwa na bahati ya zama. Gor Mahia na AFC Leopards ndizo zilizokuwa zikitawala kombe la vilabu la ukanda huu: Gor ililitwaa 1980, 1981 na 1985, na Leopards ikalitwaa 1982, 1983 na 1984. Mchezaji aliyeitwa timu ya taifa alikuwa anatoka kwenye mechi ngumu Jumapili na kwenda kwenye mechi ngumu Jumatano, na mwenzake wa kiungo alikuwa mtu anayemjua kwa jina la utani. Kazi ya kocha ilikuwa kuchagua na kupanga.

Mjerumani Reinhardt Fabisch alikuta mti uleule umezaa zaidi. Mwaka 1987 Kenya iliandaa Michezo ya Afrika, Kasarani ikafunguliwa, Gor Mahia ikatwaa Kombe la Washindi barani, na Fabisch akaifikisha Harambee Stars fainali ya michezo hiyo, ambako ilifungwa na Misri 1-0. Kisha Kenya ikacheza Kombe la Mataifa mara tatu mfululizo, 1988, 1990 na 1992, ikiwa chini ya makocha tofauti. Jambo hilo ni la kuzingatiwa: makocha walibadilika na timu ikaendelea kufuzu. Kilichokuwa kikifuzu kilikuwa ligi.

Jacob Mulee, maarufu kwa jina la Ghost, ndiye aliyeirudisha Kenya kwenye Kombe la Mataifa mwaka 2004 huko Tunisia baada ya ukame wa miaka kumi na miwili. Ilichapwa 3-1 na Mali na 3-0 na Senegal, kisha ikailaza Burkina Faso 3-0 kwa mabao ya Emmanuel Ake, Dennis Oliech na John Baraza. Huo ulikuwa ushindi wa kwanza wa Kenya katika historia ya mashindano hayo. Nchi yenye uongozi tulivu ingejenga hapo. Miezi michache baadaye, Juni 2004, FIFA iliifungia Kenya kwa sababu ya serikali kuingilia shirikisho. Mwaka 2006 ikafungiwa tena. Kilichofuata ni miaka ya shirikisho mbili, KFF na FKL, kila moja ikidai ndiyo halali, huku wachezaji wakiwa walewale.

Wawili kwa kumi

Hapa ndipo ulinganisho wa mpakani unapoanza kuuma. Tuchukue kipindi cha Agosti 2008 hadi Julai 2017. Kwa miaka hiyo tisa Uganda Cranes ilikuwa na makocha wawili wa kudumu: Bobby Williamson wa Uskoti hadi Aprili 2013, kisha Milutin Sredojević, yaani Micho, wa Serbia. Upande wa Kenya, katika miaka hiyohiyo, kwenye benchi walipita Francis Kimanzi, Antoine Hey, Twahir Muhiddin, Jacob Mulee, Zedekiah Otieno, Henri Michel, James Nandwa, Adel Amrouche, Bobby Williamson na Stanley Okumbi. Ni watu kumi, wengine wa muda tu, na Kimanzi aliitwa mara mbili.

Kimanzi ndiye aliyeifikisha Kenya nafasi ya 68 kwenye orodha ya FIFA mwishoni mwa 2008, ambayo ndiyo bora zaidi kuwahi kufika. Mwanzoni mwa mwaka uliofuata hakuwepo. Hey aliondoka ghafla Novemba 2009, Kenya ikiwa inajiandaa kuikabili Nigeria. Michel, aliyewahi kuifundisha Ufaransa kwenye Kombe la Dunia, hakumaliza hata mwaka mmoja.

Mtu anaweza kusema Kenya ilibadilisha makocha kwa kuwa haikuwa na wachezaji. Rekodi inakataa. Mwaka 2010 McDonald Mariga alikuwa kwenye kikosi cha Inter Milan kilichotwaa Ligi ya Mabingwa wa Ulaya. Novemba 2012 mdogo wake, Victor Wanyama, aliifungia Celtic bao dhidi ya Barcelona. Oliech alikuwa Ufaransa. Uganda haikuwa na majina ya ukubwa huo. Baadhi ya wachezaji wake walikuwa ligi za jirani, ikiwemo ya Kenya: Khalid Aucho alipitia Tusker na Gor Mahia, na Godfrey Walusimbi alikuwa Gor Mahia timu ya Uganda ilipokwenda Kombe la Mataifa la 2017 nchini Gabon. Vijana hao walivuka mpaka kuja kutafuta riziki Nairobi, wakarudi kuifuzisha nchi yao, wakati Kenya iliyowalipa mishahara ilibaki nyumbani.

Kuna haja ya kuwa waadilifu kuhusu uvumilivu wa Uganda. Haukuleta matunda haraka. Oktoba 8, 2011, Cranes ilihitaji kuifunga Kenya Namboole ili ifuzu kwa mara ya kwanza tangu 1978. Uwanja ulifurika. Kenya, iliyobaki na nafasi finyu tu ya kufuzu, ikagoma. Ikaisha 0-0, na tiketi ikaenda Angola. Mwaka mmoja baadaye Uganda ikatolewa na Zambia, mabingwa wa Afrika wakati huo, kwa penalti, palepale Namboole. Kocha aliyeshindwa mara mbili mlangoni, mbele ya mashabiki wake, Nairobi asingekunywa chai ya asubuhi akiwa kazini. Williamson alibaki. Alipoondoka hatimaye 2013 alikuwa ameshaipa Uganda vikombe vinne vya CECAFA, viwili kati ya hivyo kwa kuifunga Kenya fainali. Micho akarithi timu iliyokuwa imeshazoeana, na Septemba 4, 2016, bao la Farouk Miya dhidi ya Comoros likamaliza ukame wa karibu miaka 39.

Williamson anavuka, Put anavuka

Sasa tumfuate Williamson. Julai 2013, miezi mitatu baada ya kuachwa na Uganda, alipokelewa na Gor Mahia. Akaendeleza kazi iliyoanzwa na Zdravko Logarušić, na mwisho wa msimu Gor ikawa bingwa wa ligi kwa mara ya kwanza tangu 1995. Agosti 2014 Kenya ikatolewa na Lesotho, Amrouche akafutwa, na Williamson akakabidhiwa Harambee Stars. Amrouche alikuwa ameipa Kenya CECAFA ya 2013 miezi minane tu kabla.

Mashabiki wa Busia walimjua Williamson vizuri kuliko wenzao wa Nairobi. Walikuwa wamemtazama kwa takriban miaka mitano. Kama kocha ndiye anayebeba timu, basi Kenya ilikuwa imejinunulia vikombe vinne. Ikawaje?

Novemba 2015 Kenya iliifunga Cape Verde 1-0 Nairobi katika mchujo wa Kombe la Dunia la 2018. Ilihitaji sare tu Praia. Timu ikakwama uwanja wa ndege wa Wilson kwa matatizo ya usafiri, ikafika visiwani siku ya mechi yenyewe, saa chache kabla ya kipenga. Ikafungwa 2-0. Tafuta mbinu ya ukufunzi inayotibu hilo. Februari 2016 shirikisho likapata uongozi mpya chini ya Nick Mwendwa, na kabla mwezi haujaisha Williamson alikuwa ameondolewa na Okumbi ameteuliwa. Williamson akaenda mahakamani, akashinda.

Sasa mfuate Paul Put, Mbelgiji, ambaye miaka minne kabla alikuwa ameifikisha Burkina Faso fainali ya Kombe la Mataifa. Kenya ilimwajiri Novemba 2017. Mechi yake ya kwanza ya CECAFA ilichezwa Bukhungu, Kakamega, mwendo mfupi kutoka Busia, na Kenya ikaifunga Rwanda 2-0. Kabla ya mwezi kwisha alikuwa na kombe mkononi, baada ya Zanzibar kufungwa kwa penalti Machakos. Februari 2018 akaaga. Alikaa miezi mitatu.

Mwishoni mwa 2023 Uganda ikamwajiri Put huyohuyo. Alipewa muda. Novemba 2024 Cranes ilifuzu Kombe la Mataifa la 2025 nchini Morocco. Novemba hiyohiyo Kenya ilimaliza kampeni yake bila tiketi, na Desemba kocha wake Mturuki, Engin Fırat, akajiuzulu akilalamika kwamba mkataba wake haukuheshimiwa.

Ongeza wa tatu. Johnathan McKinstry wa Ireland Kaskazini aliifundisha Uganda kati ya 2019 na 2021, akashinda CECAFA Kampala, kisha akavuka kuja Gor Mahia na kutwaa ligi misimu miwili mfululizo. Alipotoka hapo hakuitwa Harambee Stars, alikwenda Gambia. Machi 2025 Kenya ilipocheza mechi ya kwanza chini ya Benni McCarthy, aliyekuwa kwenye benchi la pili ni McKinstry. Walitoka 3-3.

Mifano hii mitatu ina maana moja ikisomwa pamoja. Uwezo wa kocha husafiri naye. Mazingira ya kazi hayavuki mpaka. Williamson hakusahau mpira alipopita Busia. Put hakujifunza mpira alipopita upande wa pili. Kilichobadilika ni muda, mshahara, na kama tiketi ya ndege imelipiwa.

Hoja zinazopinga

Hoja hii ina udhaifu wake, na ni vyema tuuweke mezani.

Kwanza, Uganda si malaika. Micho aliiacha Cranes Julai 2017 kwa sababu ya malimbikizo ya mshahara, muda mfupi baada ya kuipa nchi kile ilichokisubiri kwa miaka 39. Anayedhani madeni kwa makocha ni ugonjwa wa Kenya peke yake hajasikia upande wa pili. Viwanja pia: Machi 2023 Uganda iliikaribisha Tanzania huko Ismailia, Misri, kwa kuwa Namboole ilikuwa haijakidhi masharti. Tofauti iko kwingine. Tangu 2005 shirikisho la Uganda, FUFA, limekuwa na marais wawili tu, Lawrence Mulindwa na Moses Magogo. Wamelaumiwa kwa mengi, lakini kocha alijua asubuhi akipiga simu atapokewa na nani. Nchini Kenya kumekuwa na shirikisho mbili, kamati za muda, na Novemba 2021 serikali ililivunja shirikisho lote. FIFA ikaifungia Kenya Februari hadi Novemba 2022, na Kombe la Mataifa la 2023 likapita bila hata kucheza mchujo. Fırat alikuwa kocha wa timu isiyoruhusiwa kucheza.

Pili, kuna makocha waliofanya vizuri Kenya pamoja na vurugu zote. Sébastien Migné alikuja 2018, akaifunga Ghana 1-0 Kasarani, akafuzu Kombe la Mataifa la 2019, akailaza Tanzania 3-2 huko Misri. Ni kweli. Ni kweli pia kwamba Agosti mwaka huo, baada ya timu ya wachezaji wa ndani kutolewa na Tanzania kwa penalti, aliondoka. Baadaye akaifundisha Haiti na kuifuzisha Kombe la Dunia la 2026. Kenya ilikuwa naye miezi kumi na tano.

Tatu, McCarthy. Agosti 2025 Kenya, Uganda na Tanzania ziliandaa pamoja mashindano ya CHAN, ya wachezaji wanaocheza ligi za nyumbani. Kenya ilikuwa haijawahi kuyacheza. Ikapangwa na Morocco, DR Congo, Angola na Zambia, ikashinda mechi tatu na kutoka sare moja, ikaongoza kundi. Ilitolewa robo fainali na Madagascar kwa penalti. Je, huyu si ushahidi kwamba kocha mzuri anatosha? Angalia alichokuwa nacho. Alikuwa na kambi ya wiki kadhaa na wachezaji wale wale kila siku, jambo ambalo kocha wa taifa hulipata kwa nadra. Alichezea Kasarani iliyojaa. Serikali ilitangaza donge nono kwa kila ushindi na fedha zikatolewa. Shirikisho lilikuwa na uongozi uliochaguliwa Desemba 2024, Hussein Mohammed akiwa rais na Mariga makamu wake. Kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi kocha wa Kenya alipewa mazingira kama aliyopewa Mulwa, na matokeo yakaja. McCarthy anastahili sifa. Ila mafanikio yake yanaunga mkono hoja hii, hayaipingi.

Gharama ya kufukuza

Kufukuza kocha kuna bei, na bei hiyo hulipwa na mtu ambaye hakufukuza. Amrouche alilipeleka shauri lake FIFA na kisha mahakama ya michezo ya kimataifa, akatunukiwa zaidi ya shilingi milioni 100 za Kenya, na nchi ikatishiwa kuondolewa kwenye mchujo wa Kombe la Dunia la 2022 kama haitalipa. Deni hilo lilifanywa na uongozi mmoja na kuachiwa mwingine. Fedha za aina hiyo, zikielekezwa kaunti za magharibi peke yake, zingenunua mipira na kulipa makocha wa vijana kwa miaka.

Tunasema magharibi kwa makusudi. Ukanda huu, kutoka Vihiga alikotoka Joe Kadenge hadi Kakamega na Bungoma, umeilisha timu ya taifa tangu enzi za Gossage. Kijana wa Malaba mwenye kipaji hana haja ya kufikiria sana: ng'ambo kuna shule zinazotoa nafasi kwa wachezaji, ligi iko jirani, na ndugu wa kumpa pa kulala hawakosekani Tororo. Kenya ikichelewa kumwona, kuna wengine watamwona. Hapo kocha mkuu, awe Mjerumani, Mturuki au Msauzi, hana la kufanya. Hawezi kuteua asichopelekewa.

Maswali ya 2027

Kenya, Uganda na Tanzania zilikabidhiwa uenyeji wa Kombe la Mataifa la 2027. Wenyeji hawachezi mchujo kwa ajili ya nafasi, kwa hiyo Harambee Stars itaingia bila jasho la kufuzu. Ni neema na ni mtego. Bila presha ya mchujo, kocha atapimwa kwa mechi tatu za makundi mbele ya macho ya nchi nzima, na mechi tatu ndizo kipimo kibaya kuliko vyote. Kwa mechi tatu za 2011 na 2012, Williamson alikuwa kocha mbovu. Kwa mechi za mwezi mmoja wa 2017, Put alikuwa shujaa. Tathmini zote mbili zilikuwa za uongo.

Shabiki wa Busia au Malaba anayetaka kujua kama mambo yamebadilika aache kuhesabu mabao kwa muda, aulize mambo manne. Kocha amelipwa mwezi huu? Mkataba wake unavuka uchaguzi ujao wa shirikisho, au unaisha nao? Ligi inachezwa kwa ratiba na wachezaji wanalipwa, au timu ya taifa inategemea waliofunguliwa milango ya nje? Na timu ikisafiri, inafika siku ngapi kabla ya mechi? Majibu ya maswali hayo yote yanaweza kupatikana kabla mpira haujapigwa, na yanatabiri zaidi kuliko wasifu wa kocha yeyote.

Uganda haijafika mbali kiasi cha kujivuna. Kule Morocco ilipata sare moja, na Tanzania, ikafungwa na Tunisia na Nigeria. Lakini imeonyesha kwamba hata nchi isiyo na fedha nyingi wala mastaa wa Ulaya inaweza kufuzu ikimwacha mtu amalize kazi aliyoianza. Kenya imekuwa na fedha zaidi, mastaa zaidi, na makocha zaidi. Hicho cha mwisho ndicho ingepunguza.